Ukungu Usioonekana Pichani

Kikapu cha milulu cha mkoani Iringa huanzia kwenye ardhi chepechepe. Milulu hukatwa mibichi, huanikwa mpaka ikauke, ndipo kazi ya kusuka ianze. Msukaji akiiwahi kabla haijakauka sawasawa, kikapu bado hutoka kizuri, na siku hiyo hakuna atakayeona kosa. Kosa hujitokeza baadaye, ndani ya boksi lililofungwa plastiki, katikati ya safari: madoadoa ya ukungu, na harufu.

Aliyeagiza kikapu hicho ili apambe nacho sebule yake Ulaya au Marekani alikiona kwenye simu. Hakukishika, hakukinusa, wala hakukigeuza kutazama kitako. Kati yake na msukaji yupo mfanyabiashara mwenye picha safi na maelezo matamu. Je, ukungu ule ni dhambi ya nani?

Mfanyabiashara huwa na jibu tayari: aliletewa hivyo. Utetezi huo una umri mrefu. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipita kwa muuza chakula, akaingiza mkono kwenye rundo, vidole vikatoka na umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Hakuulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Aliulizwa kwa nini sehemu iliyolowa haikuwekwa juu watu waione. Uzito wa kisa umo humo. Unyevu haukuwa kosa la muuzaji, kuuficha ndilo lilikuwa kosa lake. Na pale sokoni, angalau mnunuzi angeweza kutumbukiza mkono wake mwenyewe. Duka la mtandaoni limemnyang'anya mkono huo, basi kazi yake ya kukagua imehamia kwa anayeuza, apende asipende.

Mafakihi waliliona tatizo hili kabla ya kamera. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, na katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kauli iliyopewa nguvu haikubali kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Kama picha iliyopigwa kwenye taa kali, ikang'arishwa kwa programu, inatosha kuitwa kuona, hilo ni jambo la kujadiliwa, na mwandishi huyu ana shaka nalo. Uko mlango mwingine, wa salam: kuuza kitu kwa sifa zake, kije baadaye. Masharti yake hayana mzaha. Aina, kipimo na wakati wa kukabidhi vitajwe, na bei yote ilipwe pale pale mnapokubaliana.

Ukiandika kwamba kikapu kina sentimita 30 mdomoni, umeahidi kitu kinachotegemea mikono ya mtu mwingine aliye mbali. Hapo huna budi kukaa na wasukaji. Kijiti kilichochongwa alama za kipimo kikabidhiwe kundi zima. Kikapu kimoja kilichokubaliwa kibaki kwao kama mfano. Vikapu vilivyokamilika vipumzishwe penye hewa kabla ya kufungwa, na plastiki iachwe. Haya yote hayana gharama kubwa. Yanataka tu mtu afike.

Lakini ubora nao una ukatili wake. Mwaka 1853, katika The Stones of Venice, mwandishi Mwingereza John Ruskin alidai kuwa kumlazimisha fundi atoe kazi isiyo na dosari hata chembe ni kumgeuza chombo. Vikapu viwili vya mkono mmoja havifanani kama pacha, na anayetaka vifanane aende kiwandani. Hata hivyo, maneno “kazi ya mkono” yamefunika uzembe mwingi. Mshono unaofumuka ni kasoro. Rangi inayochuja na kuchafua kitambaa ni kasoro. Utofauti mdogo wa rangi kati ya kikapu na kikapu si kasoro, ila usemwe kabla ya malipo. Cicero wa Roma, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babilonia na Antipater, kuhusu muuzaji anayejua kasoro ya anachouza: wa kwanza aliona kunyamaza si kuficha, wa pili akakataa. Cicero alisimama na Antipater. Anayeuza kwa picha hana pengine pa kusimama.

Wafanyabiashara wengi huipenda nusu ya kwanza ya salam, ile ya sifa na vipimo, na kuisahau ile ya kulipa kwanza. Huagiza kwa ukali, hukagua kwa ukali zaidi, kisha hurudisha vikapu ambavyo havijalipiwa hata senti. Hasara ya majuma ya kazi humwangukia aliye mnyonge kuliko wote. Fedha iliyotangulia ingewafanya wabebe mzigo pamoja.

Na bidhaa isipopatikana kwa wakati? Kwa kauli yenye nguvu ya Washafii, mlipaji ana hiari: avunje mkataba arudishiwe fedha, au asubiri. Akisubiri, ni juu yake kumwandikia mteja wa ng'ambo kwamba mzigo utachelewa kwa sababu mvua hazijakatika, huku akijua kwamba majukwaa mengi ya mauzo hulishusha daraja duka linalochelewesha.