Kufumbua Kinywa Bila Kuimba

Miaka mingi iliyopita nilihudhuria mashindano ya kwaya za shule. Kwaya moja iliimba kwa usahihi mkubwa, sauti zote nne zikipatana, ikapewa kikombe. Baadaye mvulana mmoja wa kwaya ile, mwenye umri wa miaka 13 hivi, aliniambia polepole kwamba yeye hakuimba. Mwalimu alikuwa amemwagiza yeye na wenzake wawili wafumbue vinywa tu, wasitoe sauti. Nilimwuliza kama amekifurahia kikombe. Akainamisha kichwa.

Je, kwaya ile iliimba vizuri?

Haifai tumlaumu mwalimu upesi. Yeye asema kwamba wasikilizaji nao wana haki yao, na kwamba si uungwana kuharibu kazi ya watoto arobaini kwa ajili ya watatu. Asema kweli. Wako waimbao ovyo kwa kisingizio kwamba Mungu hutazama moyo; hao huficha uvivu nyuma ya dini, na kila parokia yawajua.

Lakini hoja hiyo huja wakati kazi imekwisha kuharibika. Sauti ya mvulana wa umri ule huanza kuwa nzito. Haikai tena mahali ilipokaa mwaka jana. Mwalimu mwenye masikio angemhamisha kutoka sauti ya kwanza, au angeushusha wimbo kidogo, au angechagua mwingine. Nilimwomba mtoto yule aniimbie. Aliujua wimbo wote, ila aliuimba chini zaidi. Hakuna aliyekuwa amemsikiliza. Tena wimbo wenyewe ulikuwa mgumu mno kwa watoto, nao ulichaguliwa, nadhani, kwa ajili ya waamuzi, ambao hupenda kutoa alama nyingi kwa ugumu.

Hapo huwakumbuka wavulana wa Kamina, huko Katanga. Mwaka 1958, pamoja na walimu wao na Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kikongo. Mwaka uo huo waliimba pia Ulaya. Misa ile haikutoka katika karatasi iliyoandikwa tayari. Sehemu nyingi waliziunda wao wenyewe kwa kuimba pamoja, mmoja akianza, wengine wakimwitikia, ngoma zikiwafuata. Uimbaji wa namna hiyo hauwezekani kwa kufumbua kinywa tu. Mtu hawezi kumwitikia mwenzake asiyemsikia, wala mwenzake hawezi kumngojea aliye bubu. Kwangu mimi huo ndio uimbaji mwema wa wanafunzi, hata noti moja ikipotea njiani: kila mmoja anahitajiwa, naye anajua hivyo.

Wala sisemi kwamba kila mtoto aingizwe katika kwaya. Kuchagua ni halali. Mtoto aliyeambiwa waziwazi, «Mwaka huu hapana,» atalia siku moja, kisha ataenda kupiga ngoma au kucheza mpira, na mwaka ujao ataweza kujaribu tena. Lakini yule aliyepangwa mstarini ili kuujaza hana pa kwenda. Amefundishwa kusema uongo kwa kinywa chake mbele ya watu, akapigiwa makofi.