Wazo la Leo: Wenzake Wakifunga Ala

Mei 1967 saratani ilimchukua Billy Strayhorn, mtunzi aliyefanya kazi na kiongozi wa bendi ya jazz Duke Ellington karibu miaka 30. Hata kitandani hospitalini alikuwa bado anaiandikia bendi muziki. Maonyesho hayakusimama, na kando ya hayo, Ellington alikuwa na nyimbo za ibada za kutayarisha, zikapigwa kanisani New York Januari 1968.

Agosti 1967 bendi iliingia studio kurekodi tungo za marehemu. Kazi ilipokwisha watu wakaanza kufunga ala, wakipiga soga. Ellington akabaki kwenye piano, akapiga “Lotus Blossom” ya rafiki yake, polepole. Kwenye rekodi unayasikia maongezi yakififia, moja baada ya jingine, mpaka panabaki piano tu. Mimi nikifika hapo huweka chini chochote nilichoshika.