Ni Bwana Aliyesema, ao Ni Moyo Wangu?



Sisi katika kanisa letu hatuoni haya kusema kwamba Mungu anasema hata leo. Anasema katika maono, katika ndoto, hata kwa kinywa cha mama mzee asiyejua kusoma. Walituita wajinga kwa ajili ya neno hilo, na hatutaliacha. Lakini kuna jambo linalonisumbua. Mbona vijana wetu wakiota bibi ambaye Mungu amewachagulia, wanaota tu binti mzuri, hakuna anayeota mjane mwenye watoto watano? Mbona anayeonyeshwa kuhama anaonyeshwa Kisangani ao Kindu, wala si kijiji cha ndani msituni kisicho na mwalimu? Mnacheka, lakini fikirini.

Nianze na mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita mtoto wangu wa tatu alishikwa na homa kali. Wakati ule nilikuwa nimeweka franga za kununua kinga, nipate kubeba mchele mpaka sokoni. Mama wa watoto akasema: «Baba, tumpeleke hospitali.» Nikamjibu kwamba nimesali usiku, na Bwana ameniambia tungoje, atamponya hapa nyumbani. Ni kweli nilisali. Ni kweli pia nilisikia amani moyoni. Leo najua amani ile ilitoka wapi: ilitoka mfukoni. Siku ya tatu mtoto akaanza kutetemeka na kugeuza macho. Mama yake akambeba mgongoni akaenda, hakuniomba ruhusa. Mtoto alipona, lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Kila mara ninapomwita upande ule asigeuke, nakumbuka ile niliyoiita sauti ya Bwana.

Ndugu zangu, sikudanganya mtu. Ugumu uko hapo. Mwenye kudanganya anajua anadanganya, lakini mimi niliamini.

Wengine wanafundisha kwamba jambo likikuumiza ni la Mungu, likikupendeza ni la Shetani. Mafundisho hayo siyakubali. Hana alitamani mtoto mpaka akalia hekaluni, na Mungu akampa Samweli. Kutamani si dhambi. Dhambi ni kumtuma Mungu aweke muhuri juu ya barua tuliyokwisha kuandika sisi.

Someni Yeremia, sura ya 42 na ya 43. Mabaki ya Yuda walimwendea nabii, wakamwomba awaulizie kwa Bwana, wakaapa kutii jibu lolote, liwe jema ao baya. Yeremia akangoja siku kumi. Nabii mzima, siku kumi! Sisi tunasali jioni, asubuhi tuna jibu. Akaja na neno: kaeni katika nchi yenu, msiende Misri. Wakamwita mwongo. Kwa nini? Walikuwa wamekwisha kufika karibu na Betlehemu, njiani kwenda Misri, kabla hawajamwuliza kitu. Miguu ilikuwa imejibu kabla ya kinywa kuuliza.

Hapa Lubutu tuna habari yetu wenyewe. Mwaka 1944 Bushiri, mtu wa Kitawala, alisimama akasema ametumwa na Mungu, na Wakumu wengi wakamfuata katika uasi uliofika mpaka Masisi. Tusiwacheke wazee wale. Ilikuwa vita, na tangu 1942 Bula Matari alikuwa ameongeza kazi ya lazima kutoka siku 60 kufika 120 kwa mwaka. Watu waliingizwa msituni kutafuta mpira, na fimbo ya kiboko ikawafuata. Kutamani kutoka katika utumwa ule kulikuwa haki, nami nasema Mungu hakukichukia kilio chao. Lakini kilio cha haki ni jambo moja, na mtu kusema «saa ni hii, na aliyetumwa ni mimi» ni jambo lingine. Askari walikuja, na watu wengi wakafa. Mimi si hakimu wa moyo wa Bushiri. Ninaogopa tu jinsi njaa ya watu wote inavyoweza kusikika kama sauti ya mbinguni katika sikio la mtu mmoja.

Sasa mtazameni nabii Simon Kimbangu. Mwito ulimjia mwaka 1918, naye hakuutaka. Alikimbilia Léopoldville kutafuta kazi, kama Yona. Sauti haikumwacha. Tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa kwa waliomtafuta. Akahukumiwa kufa, mfalme Albert akageuza hukumu, akafungwa miaka 30 huko Élisabethville mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Najua, wafuasi wake pia waliteswa na kuhamishwa mbali na kwao. Lakini yeye alipokwisha kusikia, alitangulia kulipa. Mimi niliposema nimesikia, aliyelipa alikuwa mtoto wa miaka minne.

Tangu siku ile, nikiona maono, ninamwambia kwanza yule atakayepata hasara yakiwa ya uongo. Mara nyingi huyo ni mama wa watoto. Haogopi cheo changu cha ushemasi.

Juma lililopita kijana mmoja wa kwaya alinijia. Bwana amemwonyesha machimbo ya dhahabu, na bibi yake ana mimba ya miezi saba. Sikumwambia ndoto ni ya uongo. Nilimwuliza: «Kama Bwana angalikuambia ubaki, ungalikuja kunieleza?» Akanyamaza, akachora chini kwa kidole cha mguu. Tumepatana angoje siku kumi, na bibi yake asali pamoja naye. Leo ni siku ya sita.