Kazi ya Nyuma ya Turubai: Sherehe za Siku Moja na Watu Wasiotajwa katika Karagwe na Kyerwa

Sherehe kubwa za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hufanyika mahali ambapo kesho yake hapana kitu. Uwanja wa shule, kiwanja cha kanisa au ua uliozungukwa na migomba hugeuka ukumbi kwa siku moja. Turubai husimikwa, jukwaa hugongwa kwa mbao, vitambaa huning'inizwa, spika hupandishwa, na barabarani hujengwa tao la mashina ya migomba na maua ili mgeni apite chini yake. Harusi, sendofu, upadrisho, kipaimara, mkutano wa injili, Maulidi na mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, vyote hupita njia hiyo. Jioni wageni huondoka, nao watu ambao mshereheshaji hakuwataja hata mara moja hubaki kuvunja walichokijenga.

Kazi ya namna hii inaibua swali la zamani katika dini na falsafa. Ikiwa matokeo ya kazi hayadumu, na aliyeifanya haonekani, thamani yake iko wapi? Katika eneo hili lenye waumini wengi, Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga lililoundwa mwaka 2008, Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe iliyoanza mwaka 1979, Waislamu na wengineo, jibu linalokuja upesi ni kwamba Mungu anaona. Jibu hilo ni la kweli. Lakini ukweli huo una mpaka, na mpaka huo hausemwi mara nyingi.

Kabla ya kufika huko, ni lazima kazi yenyewe itazamwe kwa karibu. Harusi ya Jumamosi huanza Ijumaa mchana, vijana wa maturubai wanapofika na mabomba, kamba na viti vya plastiki vilivyofungwa mafungu kwenye gari. Wao ndio wanaojua upande upepo unakotokea na mahali maji yatakapopita mvua ikinyesha. Nyuma yao huja wapambaji na vitambaa vyao, kisha fundi mitambo na jenereta, ambaye kutwa nzima hula amesimama kwa sababu sauti ikikatika wakati wa kiapo lawama zote ni zake. Maji huletwa kwa madumu juu ya bodaboda. Kuni zimekwisha kupasuliwa siku kadhaa kabla. Usiku wa kuamkia sherehe, wanawake wa jirani hukaa kuizunguka mikungu na visu mkononi wakimenya ndizi za kuwatosha mamia ya watu, huku vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Alfajiri moshi umekwisha kutanda, nyama ipo jikoni, na mpishi mkuu anahesabu sufuria. Maharusi wanapoingia kwa matarumbeta, wengi wa watu hawa wako nyuma ya nyumba. Wanasikia vigelegele, hawaoni gauni.

Na baada ya vigelegele kuna kazi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza kwa kuwa haina tena furaha ya kusubiri. Sufuria zenye ukoko zinangoja, viti vimetawanyika, chupa zimelala majanini, na giza limeingia.

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba mgawanyo huu wa wanaoonekana na wasioonekana si wa leo. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika katika ufalme wa Karagwe na kupokewa na mfalme wake, Mukama Rumanyika Orugundu. Speke aliandika habari za sherehe ya mwezi mwandamo iliyofanyika ikulu: safu ya ngoma nyingi zilizopangwa chini, wapigaji nyuma yake, na wakuu waliokuja kudhihirisha utii wao kwa mfalme. Sherehe hiyo ilirudiwa kila mwezi ulipoandama, hivyo kila mara palikuwa na watu wa kuzitoa ngoma, kuzikaza ngozi, kufagia ua na kupika. Majina yao hayamo katika kitabu cha Speke. Ndivyo ilivyo pia kwa wafua chuma waliotengeneza vifaa vya kifalme vya Karagwe, wakiwemo ng'ombe wadogo wa chuma ambao wanahistoria wa sanaa ya Afrika bado wanawastaajabia. Jina la Rumanyika limepewa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe iliyotangazwa mwaka 2019. Jina la mfua chuma wengi wetu hatulijui.

Hoja ya kwanza dhidi ya kazi ya sherehe ni kwamba haidumu. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya mwanadamu, alitenganisha kazi ya kuhudumia uhai, ambayo haiachi kitu nyuma yake, na kazi ya kutengeneza vitu vinavyodumu. Kwa kipimo hicho, mpishi wa harusi yuko daraja la chini na seremala yuko juu yake. Kipimo hicho hakitoshi. Tao la migomba hunyauka kwa siku chache, lakini mgeni amekwisha kukaribishwa, na kukaribishwa huko hakuwezi kufutwa. Chakula kimekwisha, lakini koo mbili zimekula pamoja na kuwa ndugu. Kilichotengenezwa katika sherehe ni uhusiano, na vitu vilikuwa njia ya kuufikia.

Dini kadhaa zimekwenda mbali zaidi na kuufanya muda mfupi kuwa sehemu ya ibada. Wayahudi huamriwa kujenga vibanda kila mwaka na kukaa humo siku saba, kisha wavivunje, ili wakumbuke kwamba baba zao waliishi safarini. Huko Ise, Japani, hekalu kuu la Washinto hujengwa upya takriban kila miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, na lile la zamani huvunjwa. Mafundi wa Ise hawahifadhi jengo. Wanahifadhi ujuzi wa kulijenga, kwa kuwa kila kizazi hulazimika kujifunza kwa mikono yake. Jambo hilohilo hutokea katika ule mduara wa visu na mikungu usiku wa Ijumaa. Binti wa miaka 14 hujifunza pale namna ya kukadiria ndizi kwa idadi ya wageni, namna ya kutandika majani ndani ya sufuria, na hata namna ya kumwambia mkubwa kwa heshima kwamba chumvi haijatosha. Hakuna shule inayofundisha hayo, na kama sherehe zingekuwa na majengo na mitambo ya kudumu, ujuzi huo usingekuwa na mahali pa kurithishwa.

Basi kutodumu si kasoro. Inabaki hoja ya pili: kutoonekana.

Injili ya Yohana ina simulizi linalofaa kusomwa polepole na kila kamati ya harusi. Katika arusi ya Kana divai iliisha, na watumishi wakaagizwa kujaza maji mitungi sita ya mawe. Maji yalipogeuka divai, mkuu wa karamu aliionja bila kujua ilikotoka. Alimsifu bwana arusi, ambaye naye hakuwa amefanya lolote. Mwandishi anaongeza neno dogo ambalo wahubiri wengi hulipita: watumishi walioteka maji walijua. Katika karamu nzima, mwenye cheo hakujua, mwenye sherehe hakujua, wageni hawakujua. Elimu ya kilichotendeka ilikuwa kwa waliobeba maji. Hapa kutoonekana hakufanywi kuwa adhabu wala kuwa mazoezi ya unyenyekevu tu. Ni mahali ambapo ukweli wa karamu unaonekana kuliko mezani. Fundi mitambo na mpishi wa Nkwenda au Omurushaka wanajua sherehe ilikaribia kuharibika mara ngapi na iliokolewa na nani. Mshereheshaji hajui.

Uislamu nao umelichambua jambo hili kwa undani katika mafundisho ya ikhlasi, yaani nia safi, na riya, yaani kujionyesha. Tendo jema lililofanywa ili watu walione limeingiwa na doa, na Mtume Muhammad amepokewa akiitaja riya kuwa shirki ndogo. Miongoni mwa watu saba watakaopewa kivuli siku ya Kiyama yumo atoaye sadaka kwa siri kiasi kwamba mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini. Mafundisho ya Yesu katika Injili ya Mathayo yanatumia mfano huohuo wa mikono miwili. Dini hizi mbili, ambazo waumini wake huketi chini ya turubai moja katika harusi za Kayanga, zinakubaliana kabisa juu ya hili: siri huitakasa kazi.

Lakini ni siri ya nani? Hapa ndipo mpaka ulipo. Mafundisho yote mawili yanamwelekea mtoaji na kumwambia asijitangaze. Hayamwelekei mpokeaji kumwambia asimtambue aliyempa. Mtu anaweza kuchagua kujificha. Hakuna mwingine mwenye haki ya kumficha. Kamati inayosema mpishi atalipwa na Mungu imechukua neno lililokusudiwa kumlinda mpishi na kiburi, ikaligeuza kuwa kisingizio cha kumdhulumu. Ni upotoshaji wa dini, hata ukisemwa kwa sauti ya upole na kufuatiwa na amina.

Maandiko hayohayo yana maneno makali upande wa pili. Torati, katika Kumbukumbu la Torati, inaamuru kibarua apewe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa maana ni maskini na moyo wake unautegemea. Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa wa wavunaji unalia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Mungu. Katika hadithi mashuhuri Mtume anahimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi nyingine Mungu mwenyewe anajitangaza kuwa hasimu wa yule anayemtumikisha mtu, akapata kazi kamili, kisha asimlipe. Kumbe neno kwamba Mungu anaona lina pande mbili. Linamfariji aliyetenda bila kusifiwa, na linamtisha aliyepokea bila kulipa.

Inafaa pia kutenganisha watu wa aina mbili ambao turubai huwachanganya. Jirani anayekuja kumenya ndizi hataki fedha, na kumpa fedha kungeweza kumuudhi. Yeye yumo katika mzunguko wa kusaidiana. Siku yake ikifika, ya furaha au ya msiba, wenzake watakuja. Vyama vya kuzikana, ambavyo vimeenea sana Kagera, vimeuwekea mzunguko huu kanuni, na mara nyingi vina daftari la michango na mahudhurio, na faini kwa asiyefika bila sababu. Kazi isiyoonekana na wageni kutoka mbali inaonekana vizuri sana kijijini. Kijana wa jenereta, mpambaji aliyetoka mji mwingine na mpiga tarumbeta hawamo katika mzunguko huo. Hawana siku yao ambayo kamati ile itakuja kuwapikia. Kwao shukrani ni malipo kamili kwa wakati uliokubaliwa, pamoja na sahani ya chakula kabla hakijaisha. Wakiambiwa wajitolee kwa kuwa ni sherehe ya kanisa au ya msikiti, wanaombwa sadaka ambayo hawakuinuia, na sadaka bila nia si sadaka katika dini yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo mwenye sherehe ana deni la aina mbili, na la pili halilipwi kwa maneno ya la kwanza. Jirani anadaiwa kurudishiwa mkono. Wa kukodiwa anadaiwa ujira. Bajeti nyingi za harusi huanza na keki, gari la maharusi na mapambo ya meza kuu, na huacha maturubai, mitambo na jiko mwishoni, kwa hiyo michango inapopungua ni hao wa mwishoni wanaoambiwa wasubiri Jumatatu. Kamati za Karagwe na Kyerwa zigeuze karatasi hiyo: fedha za wafanyakazi zitengwe kwanza, zikabidhiwe kwa mtu mmoja anayeaminika, naye azilipe siku hiyohiyo kabla turubai halijashushwa.