Ukuta Hausemi Nani Alikubali

Katika nyanda za juu za Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna kuta fupi za mawe zilizojengwa takriban miaka 3,500 iliyopita. Zinakwenda sambamba kwa kilomita kadhaa, zikipanda vilima na kushuka mabondeni karibu bila kupinda. Ndizo zilizogawa mashamba, na kati yake imebaki misingi ya nyumba za mviringo.

Mwanaakiolojia Andrew Fleming, aliyezichunguza kuanzia miaka ya 1970, aliona humo kazi ya jamii iliyopanga ardhi yake kwa pamoja. Natamani iwe hivyo. Lakini mpaka ulionyooka unaweza kutokana na maafikiano, na unaweza pia kutokana na amri ya mwenye nguvu. Mawe yanaonyesha mpaka ulipita wapi; hayasemi nani alikubali na nani alinyamaza kwa woga.

Kwa hiyo siikubali hoja kwamba mpaka ni wa haki kwa kuwa ni wa kale. Muda huotesha nyasi juu ya ugomvi, lakini hauuamui. Wa Dartmoor hatuwezi tena kuwauliza. Jirani yangu bado yupo, naweza kumuuliza.