Mwendo wa Rafiki

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 32:31; 33:12–17; Kum. 25:17, 18, 1 Sam. 30:9–25, Yn. 20:3–8, Efe. 4:25.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 2:4.

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, watu waliyapa jina fupi: mwendokasi. Jina hilo lingeweza kuwa la jiji zima. Anayekaa Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju huamka alfajiri akihesabu dakika, na pikipiki imepata nafasi kubwa katika maisha yetu kwa sababu hupenya penye foleni.

Lakini pikipiki pia ni chombo cha urafiki. Fikiria vijana wawili wa Mbagala waliopanga kwenda Bagamoyo siku ya Jumapili, kila mmoja na pikipiki yake. Watapita barabara ya Kilwa, kisha Mandela, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge, na kutoka hapo barabara ya Bagamoyo. Ndani ya makazi hakuna mjadala, kwa kuwa sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwa wote. Barabara inapofunguka, mmoja hupenda kwenda 80. Mwenzake moyo wake hutulia akiwa kwenye 55. Wote wana leseni, wote wamevaa kofia ngumu. Hakuna aliyetenda kosa kwa kupenda mwendo wake.

Swali letu la juma hili ni hili: wawili hawa wakishakubaliana kwenda pamoja, mwenye kasi anadaiwa nini na mwenzake? Na mwenzake naye anadaiwa nini?

JUMAPILI
Kila Mtu na Mwendo Wake?

Methali zetu hazimalizi jambo hili. Tunasema mwenda pole hajikwai, na kesho yake tunasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kila mmoja huchagua ile inayomtetea.

Jibu linalosikika mara nyingi vijiweni ni hili: "Kila mtu na mwendo wake, tutakutana mbele." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mwendeshaji hapaswi kulazimishwa kupita uwezo wake, na waendeshaji wazoefu huwashauri wageni vivyo hivyo. Hata hivyo neno "mbele" linaweza kubeba maana mbili. Yupo anayetangulia, akifika Tegeta akaegesha pembeni, akavua kofia, akakaa anaangalia barabara mpaka aone taa ya mwenzake. Yupo pia anayefika Bagamoyo, akaagiza chakula, akala, ndipo akapiga simu kuuliza, "Uko wapi?" Wote wawili walisema maneno yaleyale. Wa kwanza aliendelea kuwa katika safari ya watu wawili. Wa pili aliiacha safari hiyo mwenzake alipopotea kwenye kioo chake cha pembeni.

Soma Yohana 20:3–8. Ni nani aliyefika kwanza kaburini, na ni nani aliyeingia kwanza?

Mwanafunzi mwenye mbio alimpita Petro, akafika, akainama kuchungulia, lakini hakuingia. Petro alikuja nyuma, akatangulia kuingia. Maandiko hayasemi kwa nini yule wa kwanza alisimama. Yanaonyesha tu kwamba kumtangulia mtu njiani si lazima kuwe kumwacha.

Tafakari: Unaposema "tutakutana mbele," ni nini hasa unachoahidi?

JUMATATU
Wa Nyuma Hukimbia Zaidi

Mwenye kasi huweza kudhani kwamba mwendo wake ni shauri lake mwenyewe. Hebu tupige hesabu.

Mmoja akienda 80 na mwingine 55, nafasi kati yao huongezeka zaidi ya mita 400 kila dakika. Baada ya dakika tano, wa mbele ametangulia zaidi ya kilomita mbili. Ongeza mataa: wa kwanza amepita kwenye kijani, wa pili amezuiwa na nyekundu. Sasa yule anayependa 55 anaogopa kupotezwa, naye anaanza kufukuza. Ili amfikie mtu anayekwenda 80, hana budi kupita 80. Hata akienda 90, itamchukua dakika 12 kuziba kilomita mbili. Kwa dakika hizo zote, yule aliyependa polepole ndiye mwenye kasi kuliko rafiki yake.

Kwenye 90, pikipiki hula mita 25 kwa kila sekunde moja. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa karibu mara nne. Mbele yake kuna bajaji inayogeuza, mtoto anayekimbilia daladala, au mchanga uliomwagika kwenye lami. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imepokea majeruhi wengi wa pikipiki. Ikitokea ajali ya namna hii, itaandikwa kwamba wa nyuma alikuwa katika mwendo mkali, na itakuwa kweli. Lakini je, mwendo ule ulikuwa wake peke yake?

Soma Kumbukumbu la Torati 25:17, 18. Amaleki waliwashambulia watu gani wa Israeli?

Hawakuwapiga walio mbele, wenye nguvu. Waliwapiga waliochoka, waliobaki mkiani. Ndivyo ilivyo katika kila msafara: hatari hukaa nyuma, mahali ambapo kiongozi haoni bila kugeuka.

Kwa hiyo walio na busara hupanga mapema. Mwenye mwendo wa polepole hutangulia ili aweke kasi, au mwenye kasi hutangulia na kusimama kila penye kona ya kuacha barabara. Na faida iliyopotea ni ipi? Katika kilomita 60, anayekwenda 80 hutumia dakika 45, na anayekwenda 60 hutumia saa moja. Tofauti ni dakika 15.

JUMANNE
Miguu ya Watoto

Soma Mwanzo 33:12–14. Yakobo alitoa sababu gani za kutokwenda kwa mwendo wa Esau?

Esau alikuja na watu 400, akamwalika ndugu yake waondoke pamoja. Ulikuwa mwaliko wa upendo, baada ya miaka mingi ya kutengana. Yakobo akamweleza hali yake: ana watoto wadogo, ana mifugo inayonyonyesha, na wakiharakishwa siku moja tu wanyama watakufa. Akaomba aende taratibu, kwa kadiri ya miguu ya wale alio nao.

Tuangalie kwamba Yakobo hakuwaita watoto wavivu. Aliwachukua kama walivyo, kisha akaupima mwendo wa msafara wote kwa miguu yao. Yeye mwenyewe alikuwa akichechemea tangu Penueli (Mwa. 32:31). Huenda mtu aliyewahi kuumia mguu huelewa upesi zaidi maana ya kusubiri.

Jambo la pili: Yakobo hakumlazimisha Esau apunguze. Alimwomba atangulie. Esau alirudi Seiri siku ileile, na hatuoni ugomvi kati yao. Kumbe watu wawili wanaweza kutofautiana mwendo, wakasema hivyo waziwazi, wakaachana njiani bila kuachana moyoni. Si kila wakati upendo hutaka tuendeshe ubavu kwa ubavu.

Tafakari: Katika nyumba yako, ni nani mwenye "miguu ya watoto" kwa sasa? Mwendo wa nyumba unapimwa kwa nani?

JUMATANO
Haraka Yenye Sababu

Soma 1 Samweli 30:9, 10, 21–25. Daudi aliwatendeaje wale 200 waliochoka?

Hapa hali ni nyingine. Wake na watoto wametekwa, na kupunguza mwendo ni kuwapoteza. Watu 200 kati ya 600 wameishiwa nguvu kwenye kijito cha Besori. Daudi anaendelea na wale 400. Hawaburuti waliochoka, wala hawangojei. Aliporudi na ushindi, baadhi ya watu wake walitaka waliobaki wasipewe kitu katika nyara. Daudi alikataa, akaweka amri kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wagawane sawasawa.

Basi zipo haraka zilizo halali, na tunaweza kuzipima kwa swali moja: haraka hii ni kwa ajili ya nani? Dereva wa bodaboda anayemkimbiza hospitali mama mwenye uchungu ana haraka ya Daudi. Anayehangaikia hesabu ya siku ya mwenye pikipiki anabanwa na jambo la kweli pia, nasi tusimhukumu upesi. Lakini vijana wetu wawili wanakwenda kutembea Bagamoyo. Magofu ya Kaole yamesimama pale kwa karne nyingi. Hayatahama kabla ya saa tano.

Besori inatufundisha neno jingine. Hata pale haraka inapokuwa ya lazima, heshima ya aliyebaki nyuma haipungui. Mwenye kasi akifika kwanza, hajapata haki ya kumcheka aliyechelewa.

ALHAMISI
Deni la Anayekwenda Polepole

Mpaka hapa tumesema zaidi juu ya mwenye kasi. Mwenzake naye ana wajibu, na wa kwanza ni kusema kweli.

Ni vigumu kuisema. Vijiweni huambiwa, "Unaendesha kama umebeba mayai." Ili asionekane mwoga, kijana hunyamaza, kisha hujilazimisha kwenda mwendo usio wake. Ukimya huo humnyima rafiki nafasi ya kutenda mema. Hawezi kupunguza kwa ajili ya hofu ambayo hakuambiwa.

Soma Waefeso 4:25, kisha rudi Mwanzo 33:14–17. Yakobo alisema atakwenda wapi, naye alikwenda wapi?

Alimwambia Esau kwamba atamfuata mpaka Seiri, kisha akasafiri kwenda Sukothi, akajenga nyumba huko. Maandiko hayasimulii kwamba alifika Seiri. Maneno yake juu ya watoto yalikuwa ya kweli, lakini ahadi iliyofuata iliachwa hewani. Anayekwenda polepole anaweza kuufanya udhaifu wake kuwa kisingizio. Akisema, "Tangulia, nitakukuta Bunju," basi na afike Bunju. Wala asidai kwamba rafiki yake asiende tena kamwe kwa mwendo anaoupenda.

Mwenye kasi naye aulize kwa namna inayoruhusu jibu la kweli. "Unaogopa?" lina jibu moja tu kwa kijana. "Leo tuende ngapi, na tusimame wapi?" ni swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila aibu. Na liulizwe kabla ya kuwasha pikipiki.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Tusiseme kwamba mwenye kasi hapotezi kitu. Anapoteza raha ya kweli: upepo, injini inayoimba, barabara iliyo wazi mbele yake. Anapompisha rafiki atangulie, hutoa kitu anachokipenda, na hakuna atakayempigia makofi. Sadaka nyingi za urafiki ni za ukubwa huu, dakika 15 tu. Kwa sababu ni ndogo, ni rahisi kuzikataa.

Hesabu hii haiishii barabarani. Tunamsindikiza mama mzee sokoni huku tukitazama saa. Hata katika darasa letu, mwenye kusoma polepole hajamaliza kulitafuta fungu, na wepesi wameshajibu. Somo linasonga mbele, naye anafunga Biblia yake kimya. Yuko pamoja nasi chumbani, lakini tumeshamwacha kilomita mbili nyuma.

Maswali ya Kujadili:

1. Wa nyuma akipata ajali akimfukuza wa mbele, je, wa mbele ana sehemu katika lawama? Kwa kiasi gani?

2. Tunawezaje kutofautisha haraka ya Daudi na haraka inayojihudumia yenyewe? Toeni mifano ya juma hili.

3. Ni lini kumwambia rafiki "tangulia" ni upendo, na ni lini ni kumkwepa?

4. Darasa lenu lifanye nini Sabato hii ili anayekwenda polepole asiachwe, naye asijione mzigo?