Mtafuteni Atakayemwambia Kocha Hapana

Nawaandikia ninyi mlioitwa, au mtakaoitwa kesho, kuketi kwenye kamati ya kumtafuta mkurugenzi mpya wa michezo katika chuo kikuu cha Marekani. Wapo kati yenu wahadhiri, wahitimu wa zamani, wachezaji wastaafu, na wana wa Afrika Mashariki waliokwenda kule kusoma wakabaki kufundisha. Nawaandikia pia wazazi wa Iten, Kapsabet, Karatu na Mbulu, ambao watoto wao hupanda ndege kwenda kukimbia kwenye vyuo vya nchi ile kwa ufadhili wa masomo. Mtu atakayekalia kiti hicho ndiye mlezi wa mtoto wenu, mumjue msimjue.

Neno langu kwenu ni moja. Mtafuteni mtu atakayemwambia kocha hapana.

Somo letu ni kisa cha Samweli nyumbani kwa Yese. Nabii alitumwa kumpaka mafuta mfalme mpya. Akaletewa Eliabu, mkubwa wa ndugu, kijana mrefu wa kupendeza macho, na moyo wa Samweli ukasema ndiye huyu. Akakataliwa. Wakapita saba, mmoja baada ya mwingine, na wote saba wakakataliwa. Ndipo nabii akauliza kama watoto wamekwisha. Alikuwapo mmoja zaidi, ila hakuna aliyefikiri kumwita, kwa sababu alikuwa malishoni na kondoo. Ndugu zangu, huyo wa malishoni alikuwa na sifa gani? Alikuwa amekwisha kusimama kati ya simba na mwana-kondoo, siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumwona wala kumpigia makofi. Sifa hiyo haionekani mtu anapopita mbele yako amevaa suti. Lazima uitafute alikotoka.

Sasa tazameni yanayotokea kundi linapokabidhiwa mchungaji anayemwogopa mbwa wake mwenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Tim Curley alikuwa mkurugenzi wa michezo tangu mwaka 1993. Alikulia mji uleule wa State College, akasoma chuo kilekile, akafanya kazi chini ya kocha yuleyule, Joe Paterno, aliyekuja kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika ngazi ya juu ya futiboli ya Kimarekani vyuoni. Kwenye karatasi, Curley ndiye aliyekuwa mkubwa wa Paterno. Lakini mwaka 2004, yeye na rais wa chuo walipokwenda nyumbani kwa kocha kumdokezea kwamba wakati wa kupumzika umefika, kocha alikataa, na mambo yakaishia hapo. Siku ile kila mtu mwenye macho alijua nani ni bosi.

Na kabla ya hapo, Februari 2001, kocha msaidizi kijana alikuwa amepeleka habari kwa Paterno ya jambo aliloliona bafuni, baina ya mtoto wa kiume na Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa msaidizi mkuu wa Paterno. Paterno akamfikishia Curley. Polisi hawakuitwa. Haikupigwa hata simu moja kwenye idara ya ustawi wa watoto. Miaka kumi ikapita, na katika miaka hiyo watoto wengine wakaumizwa, hadi Sandusky alipokamatwa Novemba 2011. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa makosa 45. Chuo kikatozwa dola milioni 60. Paterno na rais wa chuo wakaondolewa usiku mmoja. Curley mwenyewe, mwaka 2017, alikiri mahakamani kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto. Palihitajika mtu mmoja tu kwenye kiti kile, mwenye uti wa mgongo. Hakuwapo!

Msiseme hayo ni ya chuo kimoja. Twendeni Rutgers, New Jersey, kwa maana pale ndipo penye somo la kamati yenu. Mwishoni mwa mwaka 2012, mkurugenzi wa michezo alioneshwa video za mazoezi ya mpira wa kikapu. Kocha Mike Rice anaonekana akiwasukuma vijana, akiwarushia mipira mwilini, akiwatukana matusi ya kudhalilisha utu. Mkurugenzi akaona yote hayo, kisha akamsimamisha kocha mechi tatu na kumtoza faini. Aprili 2013 televisheni ya ESPN ikazirusha video zile, nchi nzima ikaona alichokiona yeye miezi kadhaa nyuma, na ndani ya siku chache kocha na mkurugenzi wote wawili wakawa nje.

Hapo chuo kikaanza kutafuta mkurugenzi mpya. Fikirini uzito wa uchaguzi ule. Kilio kilikuwa ni unyanyasaji wa wachezaji, na dawa pekee ilikuwa kumpata mtu ambaye wachezaji wake wa zamani wangemshuhudia kwa mema. Wakaunda kamati kubwa, wakaikodi kampuni ya kutafuta viongozi, wakaenda mbio. Zilipita siku 40 tu tangu yule wa kwanza aondoke hadi mpya alipotangazwa. Kabla Mei haijaisha, gazeti la Star-Ledger likachapisha habari ya barua: wachezaji wa voliboli ambao mkurugenzi huyu mpya aliwafundisha Tennessee miaka ya tisini walikuwa wameandika kulalamika kwamba aliwatesa kwa maneno. Yeye alisema haikumbuki barua hiyo. Mimi siko hapa kumhukumu. Nawasemesha ninyi wa kamati. Je, gazeti liliwezaje kuwapata mabinti wale, na kamati nzima pamoja na kampuni yake isiwasikie? Ni kwa sababu gazeti lilikwenda malishoni. Kamati ilibaki ukumbini ikiwatazama akina Eliabu wakipita.

Na kama bado mnaona haya ni maneno ya heshima na aibu tu, njooni Chuo Kikuu cha Maryland, tarehe 29 Mei 2018. Jordan McNair, kijana wa miaka 19, mchezaji wa mstari wa mbele wa futiboli, mwili mkubwa, yuko mazoezini na wenzake. Wanakimbizwa mbio fupi za yadi 110, mara kumi. Anaanza kulegea. Miguu inakaza, hawezi kusimama wima, wenzake wanamshika huku na huku. Mwili wake umechemka. Tiba ya hali ile inajulikana, wala haihitaji daktari bingwa: mtumbukize mgonjwa kwenye beseni kubwa la maji ya barafu, upesi, kabla hata ya kumpeleka hospitali. Hakutumbukizwa. Ilipita zaidi ya saa moja na nusu tangu dalili zianze hadi gari la wagonjwa lilipoondoka naye. Tarehe 13 Juni akafariki. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba wachezaji waliogopa kusema. Na kiti cha mkurugenzi wa michezo siku ile kilikuwa kikishikiliwa na kaimu, baada ya miezi ya mtangulizi wake kutokuwapo ofisini.

Wazazi, mnasikia? Beseni la maji na barafu! Mkurugenzi mwema ni yule anayeamka asubuhi ya mazoezi ya kiangazi akauliza beseni liko wapi, mganga yupi wa timu amepewa mamlaka ya kusimamisha mazoezi, na je, kocha anajua kwamba akimpinga huyo mganga wa timu atafungasha virago siku hiyohiyo. Kazi hii haipigiwi makofi. Hakuna anayeimba wimbo wa chuo kwa sababu ya kijana ambaye hakufa.

Najua mtaniambia: mzee, siku hizi kiti kile ni cha fedha. Kweli. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na Juni 2025 jaji wa California aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo nyingi zitakwenda kwenye futiboli na mpira wa kikapu. Basi kamati zitavutwa kumtafuta mwana wa benki, bingwa wa mikataba, mtu wa kuchangisha mamilioni kwa chakula cha jioni kimoja. Mimi sikatai hesabu. Lakini nauliza: fedha zikipungua, atakatwa nani?

Watakatwa wetu. Mwaka 1978 kijana wa Nandi, Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akikimbia kwa niaba ya chuo cha El Paso, Texas, alipoleta nyumbani medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Sharon Lokedi alikuwa bingwa wa vyuo akiwa Kansas mwaka 2018, kabla ya kushinda marathoni za New York na Boston. Mlango huo wa ufadhili uliwafungulia vijana wetu shahada na maisha, na mlango huo unaning'inia kwenye bawaba mbovu. Novemba 2020 Clemson kilitangaza kufuta riadha na mbio za nyika za wanaume. Wanariadha wakasimama, wakatafuta wakili, na Aprili 2021 chuo kikarudi nyuma. Juni 2025 chuo kilekile cha Rono kikafuta michezo ya kurusha na kuruka, kikabakiza timu inayolenga mbio ndefu. Safari hii mbio ndefu zimesalimika. Kesho je? Na huyu kijana wetu, viza yake ya mwanafunzi inambana kufanya kazi, anawatazama wenzake wakilipwa naye hathubutu kugusa senti. Nani atamsemea ndani ya ofisi ile, kama si mkurugenzi?

Msikate tamaa, kwa maana wachungaji wapo. Christine Grant, mzaliwa wa Uskoti, alishika michezo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya sheria ya Title IX kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali. Wakubwa wa futiboli walipiga kelele kwamba kuwapa wasichana haki yao ni kuua mchezo wa wanaume. Yeye akasema hapana, chuoni kwake na mbele ya Bunge la Marekani. Mwaka 1983 akamleta kocha Vivian Stringer. Februari 1985 watu 22,157 wakajazana ukumbini Iowa kutazama mpira wa kikapu wa wanawake, umati ambao ukumbi ule haukujengwa kuubeba. Na Oktoba 2023, akiwa amekwisha kufariki, watu 55,646 walikwenda kwenye uwanja wa futiboli wa Iowa kuwatazama mabinti wakicheza kikapu. Mtu mmoja alisimama imara miaka 27 kwenye kiti chake, na mavuno yanaonekana hadi leo.

Basi, wajumbe, nawaagiza. Msikabidhi kampuni ya kukodi kazi ya dhamiri yenu. Watafuteni wachezaji wake wa zamani, hasa walioacha timu katikati ya msimu, hasa walioumia. Muulizeni yule mganga wa timu aliyefanya naye kazi. Muulizeni mwalimu aliyemnyima nyota wa timu alama asizostahili: je, mkurugenzi alisimama upande gani? Kisha mketisheni mwombaji mbele yenu mkamwulize: ni lini umemzuia kocha anayeshinda, na ilikugharimu nini? Akikosa mfano, mshukuruni, mwiteni mwingine. Akiwaambia hajawahi kufika hapo kwa sababu makocha wake wote walikuwa watu wema, mshukuruni upesi zaidi.

Na mkimpata, mlindeni. Mwandikieni kwenye mkataba kwamba kocha yuko chini yake, na mkubali hivyo mioyoni, hata wafadhili wakinuna, hata timu ikipoteza mechi tano mfululizo. Mkurugenzi anayemwambia kocha hapana, kisha bodi ikamgeuka, ni mtu mliyemtuma vitani mkamnyang'anya mkuki.

Nanyi wazazi, msitie saini karatasi ya ufadhili kabla ya kuuliza jina la mkurugenzi wa michezo na kumwandikia. Mwulizeni beseni liko wapi. Mwulizeni mtoto wangu akionewa ampigie nani simu. Asiyejibu mzazi leo hatamsikiliza mtoto kesho.

Kiti kiko wazi. Chagueni kwa hofu ya Mungu na kwa macho ya malishoni, na mkimpata mtu wa kusema hapana, mpeni funguo zote za nyumba.